Koti la Pili Si Anasa
Wenzangu wa ualimu mnaopangiwa mafunzo kwa vitendo Ngara au Biharamulo, Kagera si Dar. Tunakwenda wakati wa kipupwe, na vilima vya Ngara, mpakani na Rwanda na Burundi, vinafika mita 1,800. Asubuhi baridi haina mchezo.

Wengi tunabeba koti moja tu, lile la suti. Hilo ni la darasani. Ukilipanda nalo bodaboda, ukaendea nalo gengeni na kisimani, wiki ya tatu limejaa vumbi jekundu na wanafunzi wanaona.

Basi nenda mitumbani kabla bumu halijakata. Chagua koti zito, la kahawia au kijivu, lifunike makalio na likae juu ya sweta bila kubana. Kagua zipu, bitana na kwapa. Kifungo fundi atashona. Kitambaa kilicholiwa na nondo kiache hapohapo.

Utasema hela hiyo ni ya kula. Sawa, ila suti ikichakaa kabla mkaguzi hajaja, utanunua nyingine kwa hela ipi?