Familia iliyohama inunue saa gani? Mimi nasema ya jua

Wasikilizaji wapenzi wa Uvira, Kavimvira na Kalundu, nanyi ndugu mlio ng'ambo ya Ruzizi: kama pesa inatosha saa moja ya mkono kwa nyumba nzima, mchukue ya otomatiki ao ya namba inayokula mwanga wa jua?

Wengine watasema simu inatosha. Lakini simu ikizimika, saa imekwenda nayo. Na dawa ya mtoto ya kila masaa 8 haingoji umeme, wala mashua ya alfajiri haingoji mtu.

Saa ya otomatiki, kama zile Seiko 5 ambazo wazee wanazipenda, haina bateri. Ndani mna kipande kinachozunguka mkono ukitembea, kinakaza springi. Ukiivua na kuiweka, nyingi zinasimama kisha masaa 40 hivi. Inaweza kukosea sekunde 10 na zaidi kwa siku. Kila miaka michache inataka fundi aifungue na kuitia mafuta. Na kwa kawaida haina kengele.

Ya jua, mfano Casio GW-M5610, inakosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Ikijaa, inatembea miezi hata gizani. Ina kengele na taa. Iweke penye mwanga, lakini si juu ya bati la moto.

Kuna wanaopinga: ya jua ikikufa, fundi hana la kufanya. Ni kweli kwamba bateri yake ya ndani inachoka kisha miaka mingi, na kupata nyingine hapa ni kazi. Lakini aliyekimbia na watoto anahitaji saa itakayomwamsha usiku wa leo.

Msiongeze pesa kwa ajili ya saa inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Minara yake iko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, haitufikii. Rekebisheni kwa kusikiliza redio, mkikumbuka: Bujumbura tuko sawa, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, Kigoma iko mbele saa moja.

Pesa ikipungua, Casio F-91W ya bateri ya kawaida inafaa pia: bateri yake inadumu miaka 7 hivi, na kengele ipo. Muogope tu za bandia.

Saa ya otomatiki ya baba msiitupe; aivae kila siku. Lakini dawa iwekewe kengele, na mtoto mkubwa afundishwe kusoma: 20:00 ni saa mbili za usiku.