Saa ya mjomba na sukari ya muhogo

Jumapili iliyopita nilikwenda Mbagala kumsalimia mjomba. Hata sijamaliza shikamoo akanyoosha mkono. "Marahaba, marahaba. Hebu ona kwanza hii, mjomba." Saa nyeusi, kubwa, inang'aa, chini yake ina vitaa vya kijani. Kijana wake kamnunulia katika duka moja la vifaa vya simu mjini. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inapima presha na, hapa mjomba akanyanyua kidole kama mwalimu, inapima sukari. Bila sindano. Bila tone la damu. Akabonyeza, ikaandika 5.6.

Mjomba ana kisukari tangu mwaka 2011. Kwa mtu kama yeye, 5.6 baada ya kula wali ni habari ya kumshukuru Mungu. Nikamwuliza ile mashine yake ya kutoboa kidole iko wapi. "Iko kabatini. Ya nini tena? Na stripu zenyewe bei yake unaijua."

Mezani kulikuwa na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Nikaomba ile saa, nikaifunga kwenye kipande cha muhogo, nikabonyeza. Vitaa vya kijani vikawaka, saa ikatafakari kidogo, halafu ikatoa jibu: sukari 5.4, mapigo ya moyo 72. Ndugu zanguni, muhogo ule ulikuwa na moyo unaodunda, na afya yake ilikuwa nzuri kuliko yangu mimi ninayeandika hapa!

Tulicheka sana. Mkewe mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza, akaenda kabatini kuleta mashine ya zamani. Zilikuwa zimebaki stripu 3. Tukatoboa kidole, tukasubiri. 17.8.

Hapo ndipo maelezo mengine yakaanza kutoka. Kwa miezi miwili mjomba alikuwa anaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Miguu ina ganzi. Kiu haiishi. Yeye akasema ni uzee na joto la Dar. Na kwa kuwa saa ilikuwa inasema 5.6 kila siku, alikuwa ameanza kuruka vidonge vya jioni. "Nilidhani nimeshapona," alisema. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa tuelewane. Saa ile ina taa na kijicho cha kupokea mwanga. Taa inamulika ngozi, mwanga unaorudi unabadilika kadiri damu inavyosukumwa, na kutokana na hapo saa inahesabu mapigo ya moyo. Mpaka hapo ni sayansi ya kweli, ingawa hata muhogo unaweza kuidanganya. Lakini sukari haionekani kwa taa ile. Namba ya sukari imetungwa tu, ikapangwa izungukezunguke pale ambapo mnunuzi atafurahi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: msitumie saa wala pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, maana hakuna hata moja waliyoiidhinisha. Walisema pia kwamba namba za uongo zinaweza kumfanya mgonjwa akosee dozi. Mjomba hakupata onyo hilo. Alipata saa.

Na si kwamba wataalamu hawajajaribu. Mwaka 2001 FDA iliidhinisha saa iliyoitwa GlucoWatch. Ile ilikuwa kazi ya kweli: ilipitisha umeme mdogo kwenye ngozi ili kuvuta majimaji yenye sukari. Lakini ngozi za watu zilibabuka, na bado mgonjwa alilazimika kutoboa kidole ili kuirekebisha. Ikafa ikatoka sokoni. Kama watu wenye maabara na mabilioni walishindwa namna ile, hiyo ya kwenye meza ya barabarani imewezaje?

Najua kuna mtu anayesoma hapa huku amebandika kile kifaa cha duara nyuma ya mkono, anajiandaa kunirukia. Tulia. Chako si kama saa ya mjomba. Chako kina kiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye majimaji kati ya seli, kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Kinachelewa kidogo nyuma ya damu, lakini kinapima kweli. FreeStyle Libre iliingia sokoni Ulaya mwaka 2014 na imebadilisha maisha ya watu wengi. Mama mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza sasa anaweza kulala usingizi, kwa sababu vifaa vingi vya namna hii vinapiga kengele sukari ikishuka saa nane za usiku. Anayeniambia hilo si jambo kubwa hajawahi kulala chumba kimoja na mtoto huyo.

Ila Machi 2024 FDA iliruhusu kwa mara ya kwanza kifaa cha aina hiyo, Stelo cha kampuni ya Dexcom, kiuzwe bila cheti cha daktari kwa watu wazima wasiotumia insulini. Biashara ikafungua mlango mpya: sasa mteja ni wewe usiye na ugonjwa wowote. Siku hizi hapa mjini nawaona vijana wazima kama kigongo wakituonyesha kwenye simu jinsi chipsi mayai ilivyopandisha mchoro wao. Hela ni zenu, sigombani nazo. Ninachogombana nacho ni kuitwa kwa jambo hili "mapinduzi ya tiba ya kisukari Afrika". Mapinduzi gani haya ambayo mgonjwa hayumo?

Na hapa lazima nijichape mwenyewe kwanza. Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari iliyosema saa mpya zitawaondolea wagonjwa wa kisukari adha ya sindano. Karibu yote niliinakili kutoka taarifa ya kampuni kwa vyombo vya habari. Sikumpigia daktari simu. Sikuuliza nani ameidhinisha. Mhariri aliipenda, picha ilikuwa nzuri, tukaenda kunywa chai. Sijui kama binamu yangu aliisoma kabla ya kwenda kumnunulia baba yake saa. Nimeogopa kumwuliza.

Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa wa kupenda vinavyong'aa. Utafiti mkubwa upo, na ni wa kweli. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kwanza inayochelewesha kisukari aina ya kwanza kwa walio njiani kukipata. Kwenye majaribio ilichelewesha kwa karibu miaka miwili. Juni 2025 ikatangazwa kwamba wagonjwa 12 walipandikizwa seli za kongosho zilizokuzwa maabara, na baada ya mwaka mmoja 10 kati yao hawakuhitaji tena kuchoma insulini. Niliposoma nilisisimka, sikatai. Lakini watu hao wanahitaji dawa za kutuliza kinga ya mwili ili seli zisikataliwe, pamoja na hospitali ya kuwafuatilia kwa karibu. Pima hilo na zahanati ya kwenu.

Kwa upande mwingine kuna insulini. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa kwa mara ya kwanza. Wagunduzi waliuza hataza yao kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, kwa sababu hawakutaka mtu atajirike kwa uhai wa wengine. Zaidi ya miaka 100 imepita. Sasa sikiliza hesabu hii. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba mtoto wa miaka 10 aliyegundulika na kisukari aina ya kwanza mwaka 2021 katika nchi tajiri ataishi miaka mingine 65. Mtoto wa umri huo huo, ugonjwa huo huo, katika nchi maskini: miaka 13. Yaani hatafika 25. Na huyo ni yule aliyegundulika. Wapo wanaokufa wakitibiwa malaria, kwa sababu kutapika, kuishiwa nguvu na kupoteza fahamu vinafanana na malaria, na hakuna aliyetoboa kidole kupima sukari. Stripu moja ingetosha kumshtua daktari. Moja!

Usidhani ni ugonjwa wa wachache. Uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania miaka ya 1980 ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 katika 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu na zaidi ya nusu yao hawajui kama wanao. Hao hawahitaji saa. Wanahitaji mtu wa kuwatoboa kidole mara moja.

Nawauliza wasomaji wangu, ni wangapi mlisikia habari ya Dagahaley? Dagahaley ni kambi ya wakimbizi huko Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Kwa miaka mingi mgonjwa asiye na friji aliambiwa insulini haitunziki nyumbani, kwa hiyo aende kliniki kila siku, hata mara mbili kwa siku, achomwe huko. Madaktari Wasio na Mipaka na watafiti wa chuo kikuu cha Geneva wakapima joto la ndani ya nyumba za kambini, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo kwa wiki 4. Matokeo yalitoka mwaka 2021: nguvu yake ilikuwa sawa na ya iliyokaa kwenye friji. Maana yake mgonjwa anaweza kukaa na dawa yake nyumbani, kwenye chungu cha kuipoozea, akajichoma mwenyewe na kwenda shambani au shule. Huo ndio utafiti mpya wa kisukari! Umefanywa kwa jirani zetu, unahusu maisha ya watu wetu, na chungu hakihitaji chaji. Mimi mwenyewe sikuuandika. Nilikuwa naandika saa.

Kuna hoja moja naisikia kila mara: "Hata simu za mkononi zilianza na matajiri, leo kila mtu anayo." Hoja tamu, ila haisimami. Simu unainunua mara moja unakaa nayo miaka. Kifaa cha kubandika cha siku 14 kinakufa siku ya 14, kwa hiyo mgonjwa anahitaji 26 kwa mwaka, kila mwaka, mpaka mwisho wa maisha yake. Na kama bei zinashuka zenyewe kwa sababu tu kitu kimezeeka, insulini yenye zaidi ya miaka 100 ingekuwa inagawiwa kama karanga. Haijawa hivyo, kwa sababu kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zimeshika karibu soko lote la dunia, na zinaamua. Mwaka 2024 wagonjwa wa hospitali za umma Afrika Kusini waliokuwa wakitumia kalamu za insulini ya binadamu walijikuta wanarudishwa kwenye vichupa na sindano, baada ya Novo Nordisk kuacha kuiuzia serikali yao kalamu hizo. Hiyo ni Afrika Kusini. Sisi je? Kuna programu za msaada zinazowapa watoto wetu insulini, na nawashukuru wanaoziendesha, lakini zina kikomo cha umri. Ukivuka, kongosho lako haliamki kwa kuwa umekuwa mtu mzima.

Kwa hiyo sipingi teknolojia. Nataka foleni ipangwe vizuri. Kwanza stripu na insulini kila zahanati. Kisha kile kifaa cha kubandika kianze na mtoto wa aina ya kwanza, ndiyo kifike kwa ndugu yangu anayetaka kujua chipsi zimemfanya nini. Bunge letu lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mbunge wako akija mtaani, usimwulize habari za maendeleo kwa ujumla. Mwulize: mgonjwa wa kisukari atapata stripu ngapi kwa mwezi? Akikwepa, mwulize tena. Na wenzangu wa vyumba vya habari, taarifa ya kifaa kipya ikifika mezani, tuulize mambo mawili kabla ya kuandika: nani ameidhinisha, na mgonjwa wa Mbagala atakilipia na nini?

Mjomba amerudi kwenye vidonge vyake, na daktari amemwongezea dawa. Tumechanga kwenye kundi la familia, tumenunua stripu 50. Anapima mara tatu kwa wiki na kuandika kwenye daftari la shule. Jumatano ilikuwa 11.2. Bado, ila inashuka. Saa bado anaivaa. Anasema kwa kutaja saa haina tatizo.

Kama mzazi wako ana ya namna hiyo, usimwachie hivi hivi. Ifunge kwenye muhogo mbele yake, halafu mtafute mashine ya kutoboa kidole.