Nyumba na Jamaa: Mwaka wa 1972 katika Nyumba za Wahindi wa Mbale na Jinja

Askari apewapo amri ya uhamisho, mkewe hajiulizi kwanza juu ya kitanda wala kabati. Huuliza juu ya mtoto: atapokewa shule gani huko, na muhula umebaki wiki ngapi? Kisha huuliza nauli, na mwisho huhesabu kwa vidole kama sikukuu itawakuta njiani au watakuwa wamekwisha fika. Mambo hayo hayana haja ya kuelezwa kwa mtu aliyelelewa kambini. Kwa hiyo wasomaji wa ukurasa huu, pengine kuliko watu wengine, wanaweza kuuelewa mwaka wa 1972 jinsi ulivyopita katika nyumba za Wahindi wa Mbale na Jinja, mashariki ya Uganda. Juu ya maduka na viwanda vyao yamekwisha andikwa mengi. Juu ya kalenda yao ya nyumbani yameandikwa machache.

Mji wa Mbale umekaa chini ya genge la Wanale, ambalo ni mkono wa Mlima Elgon. Wakati wa mvua genge hilo huteremsha maporomoko membamba ya maji, meupe, yaonekanayo toka mjini. Jinja iko kando ya Ziwa Victoria, pale Nile inapoanzia safari yake. Wahindi waliifikia miji hii kwa ajili ya reli, pamba na biashara, na kufikia mwaka huo wa 1972 wengi wao walikuwa wamezaliwa papo hapo. Ndani ya nyumba walisema Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Kwa yaya, mpishi na wateja walisema Kiswahili au lugha za wenyeji. Shuleni walisoma kwa Kiingereza. Mwaka wao ulifunguka kwa sare mpya ya shule na ukapita katika mihula mitatu. Likizo ilikuwa ya kuwaona jamaa, na mara nyingi safari ilikuwa ya garimoshi kupitia Tororo na Malaba hadi Nairobi na Mombasa. Katikati ya hayo zilikuja sikukuu: Holi, Maulidi, Ramadhani, mikesha tisa ya Navaratri yenye ngoma ya vijiti, Diwali na taa zake za udongo, na Krismasi kwa Wagoa.

Si haki kuficha kwamba watu hao waliishi mbali na majirani zao Waafrika. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, biashara ikakaa katika mikono michache, na mwananchi aliyeleta pamba yake au kununua kitenge chake alihisi kuwa mizani haikuwa upande wake. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi. Lakini kurekebisha biashara ni kazi moja, na kumtoa mtoto darasani katikati ya mwaka ni kazi nyingine kabisa, wala ya pili haikuisaidia ya kwanza.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwahutubia askari katika kambi ya Tororo, mwendo mfupi wa gari kutoka Mbale. Alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke nchini. Muda uliotolewa ulikuwa siku 90, nao ulikoma tarehe 8 Novemba. Punde amri hiyo ikawahusu na raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Agosti ni mwezi ambao watoto huwa likizoni, na miaka shufwa kama huo ndiyo miaka ya imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu. Hivyo msimu ule ule ambao vijana wa milimani hucheza ngoma mitaani ili wahesabiwe kuwa watu wazima wa nchi yao, watoto wa madukani walikuwa wakiambiwa kwamba nchi si yao.

Jambo lililoumiza nyumba nyingi zaidi ya yote lilikuwa pasipoti. Baada ya Uhuru wa 1962, mtu aliyetaka uraia wa Uganda alipewa muda wa kuuomba, na alipoupata alitakiwa kuukana ule wa Uingereza katika kipindi kilichowekwa. Wapo walioomba, wapo waliosubiri, wapo walioomba wakachelewa kukana. Katika nyumba moja ikaweza kutokea kwamba babu ni wa Uingereza, baba ni raia wa Uganda, na mama amezaliwa India. Hapo zamani hakuna aliyejali, kwani chakula kilikuwa kimoja na mlango mmoja. Mwaka 1972 watu walitakiwa kupeleka karatasi zao Kampala zikaguliwe, wakapanga foleni siku nzima, na wengi waliokuwa na uraia halali walivyodhani waliambiwa kuwa una kasoro. Waliotoka hapo hawakuwa raia wa nchi yoyote. Umoja wa Mataifa uliwachukua watu wa namna hiyo, ukawahifadhi katika makambi ya muda ya nchi za Ulaya, kama Austria, Italia na Malta, ilhali baadhi ya wake zao, waliokuwa na pasipoti za Uingereza, walikuwa wamekwisha kwenda Uingereza na watoto. Mama wa Mbale aliyezoea kumwona mumewe akifunga duka jioni alijikuta akilea peke yake katika nchi ya baridi, akingoja barua kwa miezi mingi.

Septemba ikaja na muhula wa tatu. Madawati yalianza kuachwa wazi, leo moja, kesho mawili. Walimu wa Kihindi, kama wataalamu wengine, waliambiwa mara waondoke, mara wabaki, na wengi walichoka na kauli hizo wakafunga masanduku. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa iliteremka Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba. Siku moja kabla yake wapinzani wa Amin walikuwa wamevuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa. Na kuanzia hapo vizuizi vya barabarani vikawa vikali zaidi. Safari, ambayo zamani ilikuwa furaha ya likizo, ikawa jambo la kuogopwa. Familia iliruhusiwa kuchukua pauni zipatazo 50 tu za fedha taslimu. Aliyetoka Mbale kwenda Entebbe alipita Jinja, juu ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, akaiaga Nile kupitia dirisha la basi. Waliokwenda kwa garimoshi kupanda meli Mombasa hawakusalimika. Wengine waliporwa humo humo ndani ya mabehewa. Bangili ya bibi arusi, iliyokuwa akiba ya nyumba, sasa ilikuwa hatari kuivaa na hatari kuificha. Baadhi ya watu wenye sare walijitajirisha vizuizini mwaka ule, na familia za askari waadilifu zikabebeshwa sifa mbaya isiyokuwa yao.

Kisha mwezi ukaandama. Katika juma moja la Oktoba 1972 zilianza pamoja Ramadhani ya Waislamu na mikesha tisa ya Wahindu, na juma hilo hilo, tarehe 9, Uganda ilitimiza miaka 10 ya Uhuru. Mwezi uliofuata ulileta Diwali na Idd katika siku za mwisho mwisho kabisa za zile siku 90. Nyumba iliyokwisha uza masufuria yake inapikaje ladu? Nani ataalikwa kula siwaya ikiwa mtaa mzima umehama? Sikukuu hizo mbili, ambazo kila mwaka ndizo zilizowaleta jamaa kutoka Soroti, Iganga na Kisumu, zilizikuta nyumba zikiwa na masanduku mlangoni, au zimekwisha fungwa.

Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Wapatao 28,000 walikwenda Uingereza na kiasi cha 6,000 Canada. Wengine India na kwingineko. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa kambini atalitambua mara moja: serikali ya Uingereza iliwapokea wageni wake katika makambi 16, mengi yakiwa ya kijeshi yaliyokuwa yameachwa. La kwanza lilikuwa Stradishall, kiwanja cha zamani cha jeshi la anga. Jingine lilikuwa Tonfanau, katika pwani ya Wales yenye upepo mkali. Wenye maduka wa Jinja wakajifunza kula bwaloni kwa zamu na kulala katika mabweni ya askari. Watoto wao walikuta mwaka wa shule wa Uingereza umekwisha anza Septemba, hivyo mwaka waliokaribia kuumaliza Mbale haukuwafaa, na ule mpya waliuingia wamechelewa. Halmashauri ya mji wa Leicester ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende kwao. Walikwenda.

Huku nyuma, yaya, mpishi na mtunza bustani walipoteza mishahara siku ile ile tajiri alipokabidhi funguo. Ni watu wanaosahauliwa sana katika habari hii. Maduka yaligawiwa kwa watu ambao baadhi yao hawakujua hata bidhaa huagizwa wapi. Kakira karibu na Jinja, shamba na kiwanda cha sukari alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kilichukuliwa; mwanawe Manubhai alitiwa kizuizini Makindye kabla ya kuondoka nchini. Uzalishaji ulianguka, na baada ya miaka michache akina mama wa Uganda, wake wa askari miongoni mwao, walikuwa wakipanga foleni au wakinunua kwa magendo sukari ambayo zamani ilitoka nyumba ya jirani.

Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985. Serikali iliyoingia mwaka 1986 iliwakaribisha wengine, na katika miaka ya 1990 nyumba nyingi zilirudishwa kwa wenyewe. Baadhi walirudi wakaishi. Wengi waliuza wakaenda zao, kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha soma na kuoa ugenini. Diwali ya barabara ya Belgrave, Leicester, sasa ni miongoni mwa Diwali kubwa nje ya India. Jinja nako, katika barabara kuu, juu ya milango ya maduka kungali kuna majina ya wenyewe wa kwanza na miaka ya kujengwa, yamechorwa kwa saruji. Wajukuu huja kwa likizo, huinua kichwa, husoma jina la babu, kisha huingia ndani na kumwomba mwenye duka wa sasa ruhusa ya kuuona ua wa nyuma.