Hesabu ya Ndege Haiishi Siku ya Mapokezi

Tarehe 23 Desemba, 2018, ndege mpya ya Airbus A220-300 ilitua Dar es Salaam. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo kupokewa na shirika la ndege la Kiafrika, nayo ilipewa jina la Dodoma. Watu wa mji huu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini furaha ya mapokezi si hesabu, na leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya hesabu.

Shirika letu lilizaliwa mwaka 1977, baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika. Mwaka 2002 sehemu ya 49 katika kila mia iliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini; ndoa hiyo haikudumu, na mwaka 2006 Serikali ikairudisha sehemu hiyo mikononi mwake. Ilipofika mwaka 2016, Shirika lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu iliyoweza kuruka.

Tangu hapo ndege zimekuja mfululizo. Bombardier Q400 mbili zilifika Septemba 2016, nyingine ikafika 2018, nyingine 2019, na ya tano 2021. Boeing 787 ya kwanza ilifika Julai 2018, ya pili Oktoba 2019, na ya tatu Agosti 2024. Airbus ni nne: ya kwanza ni ile ya Desemba 2018, ya pili ilifika Januari 2019, na mbili zilipokewa Zanzibar Oktoba 2021. Ndege ya mizigo, Boeing 767, yenye uwezo wa kubeba tani 54, ilifika Juni 2023. Boeing 737 MAX mbili zikafuata, Oktoba 2023 na Machi 2024. Jumla ni ndege 15 mpya katika miaka minane. Si haba hata kidogo.

Hata hivyo wazee walisema: kuzaa si kazi, kazi kulea. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba Shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23, na hasara ya bilioni 91.8 katika mwaka 2023/24. Ndege zimeongezeka, na hasara nayo imeongezeka. Kwa nini?

Sababu moja ni dhahiri. Ndege haiingizi hata senti ikiwa imekaa chini, lakini bima yake yalipwa, na mishahara ya marubani na mafundi yalipwa vile vile. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus zetu zililazimika kuegeshwa kwa sababu ya hitilafu za injini za Pratt & Whitney. Hitilafu hiyo haikutupata sisi peke yetu; mashirika mengi duniani yalitaabika. Lakini mwenye ndege mia akiegesha mbili hatetereki. Mwenye ndege nne akiegesha mbili, safari zake zimevurugika.

Sababu ya pili haitoki katika injini. Mwaka 2017 Q400 moja ilizuiwa Kanada kabla haijatufikia. Mwaka 2019 Airbus ilizuiwa Johannesburg, na Q400 nyingine ikazuiwa Kanada. Mwaka 2022 Airbus ilizuiwa Uholanzi. Mara zote walioomba zizuiwe walikuwa wakidai fedha kwa mikataba ya barabara au kwa mashamba, mambo yasiyohusu usafiri wa anga hata kidogo. Ndege ikawa dhamana ya deni lisilo lake. Basi anayevunja mkataba leo bila kufikiri, ajue kwamba kesho huenda ndege ya wananchi ikashikwa ugenini.

Tena Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka Shirika katika orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Wako watakaosema kwamba hatukuwa tukiruka kwenda Ulaya. Ni kweli, lakini jina baya husafiri hata pale ndege isipokwenda.

Na sisi wa Dodoma je? Treni ya reli ya kisasa ilianza kutufikia Julai 2024, na treni ya haraka hutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa muda usiofika saa nne. Wakati huo huo kiwanja kikubwa chajengwa Msalato, chenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Kushindana na treni kuelekea pwani ni kupoteza mafuta. Faida ya Msalato itapatikana kwa kuuunganisha mji mkuu na Mtwara, Songea, Bukoba na miji mingine isiyofikiwa na reli hiyo, na kwa kupeleka mazao ya nyanda hizi mbali, kama vile zabibu, ambazo haziwezi kungoja.

Mfugaji wa Ugogo hahesabu ng'ombe wake siku ya kuwanunua mnadani tu. Huwahesabu kila jioni wanaporudi zizini. Akikosekana mmoja, halali. Nasi twataka hesabu ya namna hiyo: kila mwezi wananchi waambiwe ndege ngapi zimeruka, ngapi zimelala na kwa sababu gani, na viti vingapi vimekwenda vitupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa mtama na mfanyakazi wa karakana ndio walionunua ndege hizi. Walialikwa kushangilia zilipofika. Ni haki yao kuambiwa zinavyofanya kazi.