Watoto Wetu Wanamwambia Nani?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, Mmarekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi huko. Akaanza kutembelea kaya 26 katika vijiji vya Buganda, kila baada ya wiki mbili, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Kitabu chake kilitoka 1967. Alichokiona bado kinawashangaza wazazi wanaodhani ukaribu humdekeza mtoto: yule aliyekuwa na uhakika na mama yake ndiye aliyethubutu kutambaa mbali, kushika kitu kigeni na kumtazama mgeni usoni, kisha akarudi kuhakikisha mama yupo. Asiye na uhakika alimng'ang'ania mama na kulia. Na mama za wale watoto watulivu walikuwa na jambo moja: ukiwauliza habari za mtoto walieleza kwa kirefu, anapenda nini, anaogopa nini, kinachomliza ni kipi.

Kipimo hicho kinamfaa hata mzazi wa mtoto wa darasa la tano. Ni kina baba wangapi wa Dar es Salaam wanaoweza kumtaja rafiki wa karibu wa binti yao, au somo analoliogopa na sababu ya kuliogopa? Ada ya muhula tunaijua hadi shilingi ya mwisho. Amekuwa wa ngapi darasani, tunamuuliza kabla hajavua viatu.

Tutaambiwa kwamba mazoea haya ya mzazi na mtoto kuzungumza kwa uwazi ni ya kuiga, kwamba wazee wetu hawakukaa kupiga soga na watoto na bado tulikua. Hiyo ni nusu ya ukweli. Baba alikuwa wa kuogopwa, sawa, lakini mtoto hakukosa pa kusemea. Alikuwa na babu na bibi wa kutaniana nao, ambao angeweza kuwauliza lolote bila kuonekana hana adabu. Alikuwa na shangazi wa kufikisha kwa baba lile neno gumu, na mjomba wa kukimbilia mambo yakiharibika. Binti akivunja ungo, katika jamii nyingi za pwani alikabidhiwa kwa somo au kungwi, na huyo alisema waziwazi yale ambayo mama aliona haya kuyatamka. Ainsworth mwenyewe hakuona kwamba kulelewa na watu wengi kunamwondolea mtoto utulivu. Ukali wa baba ulivumilika kwa sababu hao walikuwepo.

Leo bibi yuko Songea, shangazi yuko Mwanza, nasi tuko vyumba viwili Mbagala na dada wa kazi ambaye mara nyingi naye ni mtoto. Ukali tumehama nao. Waliokuwa wakiupooza tumewaacha nyuma. Ndiyo maana toleo hili linasema bila kuzunguka: ile kazi ya bibi, shangazi na somo sasa ni ya mzazi mwenyewe, apende asipende.

Gharama ya kuikwepa si ndogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mkubwa habishiwi, na kwamba wakubwa wakiongea yeye anyamaze, atamkatalia vipi mkubwa mwenye nia mbaya anayemnunulia chipsi? Atajifunzia wapi kukataa, ikiwa nyumbani kila kukataa kulijibiwa kwa kofi? Na hata huko shuleni, kujieleza, kusubiri zamu, kuomba radhi na kusuluhisha ugomvi ni mambo ambayo mtoto huyafanya kwa wenzake baada ya kufanyiwa kwao. Mzazi aliyewahi kumwambia mwanawe "samahani, nimekosea" amemfundisha adabu kuliko mahubiri ya mwezi mzima.

Hatutetei bora liende. Diana Baumrind, aliyechunguza malezi huko California tangu miaka ya 1960, aliwaona watoto wenye kujiamini zaidi katika nyumba zenye upendo na masharti pamoja, ambako amri hutolewa na sababu yake huelezwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mwaka 2023 serikali ikazuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na wapo wazazi walionung'unika. Tunaijua foleni ya asubuhi na uchovu wa jioni, hatuwabezi. Lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani akakabidhiwa simu na katuni hajapata mzazi, amebadilishiwa bweni tu.

Makala zinazofuata zimeandikwa na walimu, wazazi na vijana wenyewe. Kabla hujazifungua, na hasa wewe baba, muulize mwanao jambo moja lisilohusu masomo, kisha umwache amalize kujibu.