Sukari moja, maradhi mawili

Ukitajiwa Turkana, wewe msomaji wa mjini huenda ukafikiria njaa na ukame tu. Ukiambiwa kwamba unene wa kupindukia nao unabisha hodi huko, utadhani ni mzaha. Si mzaha hata kidogo.

Mwaka wa 2020, jarida la Science Advances lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa Waturkana wazima zaidi ya 1,200. Wafugaji wanaoishi kwa maziwa, nyama na damu walikuwa na afya njema. Waliohamia mijini ndio waliokuwa wanene zaidi, tena wenye shinikizo la juu la damu na sukari nyingi mwilini. Hata kuzaliwa mjini kulionekana kuchangia afya mbaya ukubwani. Basi, mzazi, kinga yafaa ianze mapema.

Dalili ya kwanza ya kutazama iko mdomoni. Vijidudu vilivyo juu ya meno hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hiyo hutoboa jino. Sukari hiyohiyo, ikizidi mahitaji ya mwili, hugeuka kuwa mafuta. Kwa hivyo kuoza meno na unene si lazima kimoja kizae kingine. Mara nyingi ni watoto wa mama mmoja.

Soda ndogo ya mililita 300 huwa na takriban vijiko 8 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula, yaani kama vijiko 12 kwa siku kwa mtu mzima. Kijana anayekunywa soda mbili amekwisha kuvuka mpaka, kabla hujahesabu chai ya asubuhi, mandazi na biskuti.

Lakini usidanganywe na umbo. Kijana mwembamba wa Kakuma aliye na meno mabovu hajasalimika. Mwenye chakula kingi sukari humnenepesha. Mwenye chakula kidogo huachiwa jino linalouma, akashindwa kutafuna na kulala, akazidi kukonda. Ndiyo maana nasema mizani peke yake haitoshi. Muuguzi anayempima kijana uzito na amwambie pia afungue kinywa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Maji ya Ziwa Turkana yana floridi nyingi, ambayo hutia meno madoa ya kahawia yakiwa bado yanakua. Madoa hayo si kuoza. Floridi kidogo husaidia jino, lakini isikufanye udhani kwamba anayeishi kando ya ziwa amepewa ruhusa ya kulamba peremende mchana kutwa.

Vijana wa Lodwar hupenda kwenda kubarizi Eliye Springs, penye chemchemi, mikoma na mchanga wa ufuoni. Waende, wakimbie na kucheza, maana mwili wahitaji jasho. Ila wafungashie samaki na maji safi badala ya kreti ya soda.

Maoni yangu ni haya. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Turkana na iwapeleke matabibu wa meno shuleni, nazo shule ziweke maji safi ya bure na kuondoa soda madukani mwao. Afrika Kusini ilianza mwaka wa 2018 kutoza vinywaji kodi kulingana na kiasi cha sukari, nasi tuige. Nyumbani, kijana apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Mti wa mswaki, ambao Waturkana huuita esekon, usidharauliwe pia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la jino la mwanao ni ufa. Lizibe leo, kisha upunguze sukari iliyolichimba.