Mkweche wa Umeme Unasajiliwa Wapi?

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume wala daftari la wapiga kura. Naandika kuhusu pikapu. Msicheke, tutafika kwenye siasa muda si mrefu.

Darasani kwetu sheria hufundishwa kwa visa vya kutunga: A kafanya hivi, B kamshtaki, toa ushauri. Basi na mimi natunga changu. A ni fundi, mkazi wa Namasakata. Ana Toyota Hilux ya miaka ya tisini yenye injini ya dizeli ya 3L ambayo imekufa kabisa, bloku imepasuka. Bodi bado nzima, chesisi nzima, giaboksi nzima. A hana hela ya injini nyingine. Anatoa injini, rejeta, ekzosi na tanki, anafunga mota ya umeme iliyotoka kwenye foklifti chakavu na betri zilizotoka kwenye gari la umeme lililogongwa. Gari linatembea. A analipakia magunia ya mahindi na kushika njia ya Songea. Mbele kuna trafiki. Toa ushauri.

Swali hili limenisumbua kuliko maswali mengi ya mitihani, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuondoe dhana kwamba A ni mwota ndoto.

Kubadili gari la mafuta liwe la umeme ni kazi inayofanyika, na imeshafanyika hapa hapa Tanzania. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutembeza watalii kwa gari la safari la umeme, na gari hilo halikutoka kiwandani hivyo. Lilikuwa gari la kawaida lililotolewa injini na kufungwa mfumo wa umeme kwa ushirikiano na Carwatt, kampuni ya Ufaransa inayojishughulisha na ubadilishaji wa magari. Kenya, vijana kutoka Sweden walianzisha Opibus mwaka 2017, wakaanza na kazi hiyo hiyo ya kubadili magari ya safari. Leo kampuni inaitwa Roam na inatengeneza pikipiki na mabasi ya umeme. Na Machi 2022 mchora katuni wetu Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme alilolibuni Dar es Salaam. Viongozi walipiga picha, mitandao ikajaa pongezi. Sawa.

Sasa tumrudie A, maana yeye hana mwekezaji wala kamera.

Ufundi wenyewe hauna uchawi. Mota inaunganishwa na giaboksi ileile ya Hilux kwa bamba la chuma na kiungo cha katikati, vitu ambavyo fundi mkerezaji mzuri anavitengeneza akipewa vipimo sahihi. Kontrola inapima umeme unaoingia kwenye mota kadiri unavyokanyaga mafuta (tutaendelea kuita hivyo, sijui tutaliitaje pedali hilo miaka 20 ijayo). Betri ndiyo kichwa cha habari. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zilikuja na betri ya kilowati-saa 24 yenye moduli 48, kila moduli uzito wake ni karibu kilo 4. Ukizipanga safu 4 za moduli 12 unapata karibu volti 90, ambazo mota ya foklifti ya volti 80 inazivumilia ikipozwa vizuri. Betri iliyochoka, iliyobaki na asilimia 70 ya nguvu yake, inakupa kilowati-saa 16 na ushee. Pikapu yenye mzigo hula kama 0.3 kwa kilomita. Kwa hiyo ni kilomita 50, pungufu kukiwa na vilima na tope.

Kilomita 50 ni kidogo kwa mtu wa Dar anayetaka kwenda Moshi. Kwa mtu anayetoa mazao shambani hadi ghalani, au anayepeleka maji na mbolea vijiji vya jirani kisha analala kwake, inatosha. Usiku gari linachajiwa kwenye soketi ya nyumbani. Kwa kilowati 2 litajaa baada ya saa 8 hivi, umeme usipokatika.

Hesabu ya mfukoni ni hii. Kilomita 100 zitahitaji uniti kama 33 ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Mteja wa kawaida wa TANESCO wa shilingi 292 kwa uniti hulipa shilingi 356 ukiongeza VAT, REA na EWURA. Jumla haifiki 12,000. Hilux hiyo ya dizeli ingekunywa lita 11 kwa safari hiyo. Weka shilingi 3,000 kwa lita, ni 33,000. Na ukifuatilia bei kikomo za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi unajua Songea huwa tunalipa zaidi ya Dar, kwa sababu mafuta yanatufikia kwa lori, na lori nalo linakunywa mafuta.

Hapa nitawapa haki yao waliopo madarakani, kwa sababu kupinga kila kitu ni uvivu. Zamani hoja hii isingekuwa na maana kwetu. Songea iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Ungechaji gari la umeme kwa dizeli ya TANESCO. Masista Wabenediktini wa Chipole walitupunguzia aibu kwa mtambo wao wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, unaoiuzia TANESCO umeme tangu 2015. Kisha 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika, kwa msaada wa Sweden, na Songea ikaingia gridi ya taifa. Ongeza Bwawa la Nyerere lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja. Umeme sasa upo, tena wa maji. Ndiyo maana nauliza kwa nguvu: umeme umemfikia A, sheria itamfikia lini?

Turudi kwenye kisa. Trafiki anamwomba A kadi ya gari. Kadi ina namba ya injini. Ina ujazo wa injini kwa cc. Ina aina ya mafuta. Gari lililosimama mbele ya afande halina injini, halina cc, halina mafuta. Kwa karatasi, A anaendesha gari ambalo si hilo lililoandikwa. Ukibadili injini ya dizeli kwa injini nyingine ya dizeli, njia inajulikana: gari linakaguliwa, TRA wanabadili taarifa. Ukibadili kwa mota, utajaza nini kwenye sehemu ya cc? Sifuri? Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Waliotuandikia hawakuwaza foklifti ndani ya Hilux, na siwalaumu.

Ninachokilaumu ni kinachotokea sheria inapokuwa kimya. Kimya hakimwachi raia huru, kinamhamishia mamlaka mtu aliyesimama barabarani. Afande mmoja atashangaa, atacheka, atamruhusu. Mwingine atasema gari hili bovu, lilale kituoni. Wa tatu, mnamjua, atasema tuzungumze. Hakuna hata mmoja ambaye A anaweza kumwonyesha karatasi inayosema: nimefuata hatua hizi, niko sahihi. Na tusisahau bima. Sura ya 169 inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu. Bima ya A iliandikwa kwa gari la dizeli. Akimgonga mtoto wa jirani, kampuni itapata mwanya wa kubishana kwamba gari hilo hawakulikatia bima, na familia ya mtoto itazunguka mahakamani miaka mitatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko faini.

Kuna wenzetu wataniambia: dada, waache mafundi wajiachie, ukaguzi wa nini, serikali itaua ubunifu. Hapana. Nataka ukaguzi, tena mkali. Ukitoa injini ya dizeli kwenye Hilux umetoa pia pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na gari sasa limebeba magunia na betri. Lazima pampu ya umeme ifungwe badala yake. Usukani wa haidroliki nao ulikuwa unategemea injini. Volti 90 mkondo wake ni mkubwa mno, nati moja iliyolegea inayeyusha waya na kuwasha moto, na moto wa betri za lithiamu hauzimwi kwa ndoo mbili za maji. Betri iwe imefungwa kwenye boksi la chuma, iwe na fyuzi yake, iwe na swichi ya kukata kila kitu. Hayo yote mkaguzi aliyefundishwa anaweza kuyaangalia kwa saa moja. VETA ipo Songea. SIDO wapo. Wapeni kozi na fomu, basi.

Na si kwamba nchi hii haijui kufanya hivyo. Angalieni gesi. Dar es Salaam unapeleka gari lako DIT au karakana nyingine inayotambulika, linafungwa mtungi, unatoka ukiwa halali. Serikali ilipotaka magari yatumie gesi, njia ilipatikana. Gesi hiyo inachimbwa Songosongo na Mnazi Bay, huku kwetu bomba halipo wala dalili yake. Sisi tuna nguzo za umeme. Mbona fursa yetu haina fomu?

Wafaransa waliona tatizo hilohilo. Mwaka 2020 walitoa kanuni ya kubadili magari kuwa ya umeme: gari liwe na zaidi ya miaka 5, kazi ifanywe na fundi aliyeidhinishwa, uzito usibadilike kupita kiwango kilichowekwa. Kanuni fupi, inasomeka. Rwanda tangu 2021 imeondoa VAT kwa magari ya umeme na vipuri vyake. Kenya tangu 2023 ina bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, na usiku inashuka hadi nusu. Sidai tunakili. Ila hata jirani ameshaamua kwamba hili ni jambo la kuandikiwa sheria.

Nadhani najua kinachowatia uzito. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na fidia yake ikawa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Barabara zetu na miradi yao vimefungwa kwenye pampu ya mafuta. A haendi tena kwenye pampu, kwa hiyo kwa jicho la hazina A ni mtoro. Na hapa nitasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda: mwenye gari la umeme anakanyaga lami ileile, na siku moja atatakiwa achangie. Lakini ibara ya 138 ya Katiba iko wazi, kodi inatozwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Haitozwi kwa afande kushangaa kizuizini, wala kwa ofisi kukaa kimya hadi fundi akate tamaa auze mota yake kama chuma chakavu.

Jambo moja zaidi, halafu niwaache. Betri za mtumba zinaweza kuwa mtaji na zinaweza kuwa taka. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bamako, unaozuia taka hatarishi kuingizwa Afrika. Bila kipimo kinachotenganisha betri yenye asilimia 70 na betri mfu, wafanyabiashara watatujazia kontena za betri mfu kwa jina la gari za umeme, na NEMC watakuja baada ya watoto kuchezea. Fomu ya A ingepaswa kuwa na sehemu ya kipimo cha betri pia.

Hatua yangu ni hii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia ruhusa ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Nimeandika barua mbili, moja kwa TRA na moja kwa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Maswali ni manne. Je, upo mwongozo wa kusajili gari lililobadilishwa kutoka mafuta kwenda umeme? Kama upo, unapatikana wapi na kwa gharama gani? Nani anakagua, na amefundishwa nini? Sehemu ya namba ya injini na cc inajazwaje?

Kama wewe ni fundi, au unamjua fundi Ruvuma, Njombe au Lindi aliyejaribu kazi hii, niandikie kwa anwani ya jumuiya ya vijana wa mkoa kabla ya mwisho wa mwezi. Sihitaji jina lako kwenye barua. Nahitaji kujua ulisimamishwa wapi, ukaambiwa nini, na ulionyeshwa kifungu gani. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa Jumatatu.